Maji Yameingia Maktaba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu huanza kulia mwishoni mwa Machi masika yakishika kasi, hutulia kidogo, kisha huanza tena Novemba vuli ikiingia. Anayepiga ni mkutubi wa tawi, mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule, au mlinzi aliyeona maji yakitoka chini ya mlango. Maswali ni yaleyale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Yanawafaa zaidi walio pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, ambako hewa ina unyevu hata siku isiyo na wingu. Wa bara watapunguza wanachoona kimezidi.

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta sakafu imejaa maji. Nianze wapi?

Usiingie. Simama hapo mlangoni uangalie kwanza. Majengo mengi ya zamani yana soketi karibu kabisa na sakafu, na maji yaliyoifikia soketi hayana tofauti na waya ulio wazi. Kama swichi kuu iko mahali pakavu, izime. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, mwite fundi umeme na umsubiri nje. Hakuna kitabu chenye thamani ya roho ya mtu.

Umeme ukishazimwa, tazama juu. Dari ya jipsam iliyovimba kama tumbo imebeba maji, na ikiamua kuanguka haitoi taarifa. Simama pembeni, weka ndoo chini yake, uitoboe kwa ncha ya mti mrefu maji yatoke kidogokidogo.

Halafu ziba chanzo: funga valvu, funga bomba, tandika turubai. Kabla hujagusa kitu chochote toa simu upige picha za sakafu, rafu, na alama ya maji ukutani inayoonyesha yalifika wapi. Utazihitaji siku ya kuandika ripoti, na siku hiyo hutakumbuka rafu ipi ililowa.

Baada ya hapo wengi hukimbilia vitabu vilivyolowa. Mimi naanza na vikavu. Vifunike kwa turubai au vihamishie chumba kingine, maana vikibaki kwenye chumba chenye mvuke vitavuta unyevu, na kesho utakuwa na wagonjwa mara mbili.

Maktaba yetu iko mbali na mto na mbali na bahari. Maji yanatoka wapi?

Mara nyingi yanatoka ndani. Watu wakisikia maktaba imelowa wanafikiria mafuriko ya kwenye televisheni, lakini visa vingi nilivyoviona vilianzia chooni au juu ya paa.

Kisa changu cha kwanza kilikuwa cha bomba. Ilikuwa wiki ya mgao wa maji. Mtu aliingia chooni Ijumaa jioni, akafungua bomba, maji hayakutoka, akaondoka bila kulifunga. Usiku wa kuamkia Jumapili maji yakarudi. Sinki lilikuwa limeziba kwa kipande cha sabuni. Jumapili alfajiri kijana wa ulinzi akanipigia: “Shikamoo mama. Samahani kukuamsha, naona maji yanashuka ngazi.” Nilipofika, mapambo ya Siku ya Uhuru yalikuwa yanaelea sebuleni. Tangu siku hiyo, jambo la mwisho ninalofanya kabla ya kufunga jengo ni kukagua mabomba yote kwa mkono, hata yale ninayojua hayatoi kitu.

Sababu nyingine ni hizi. Tangi la juu ambalo boya lake limekufa hujaa na kumwagika usiku kucha. Gata huziba kwa majani ya mwembe au mkungu, maji yakakosa njia na kurudi ndani kupitia dari. Misumari ya mabati hupata kutu, na tundu lake mwaka wa kwanza ni tone, mwaka wa tatu ni mfereji. Kiyoyozi ambacho mpira wake wa kutolea maji umeziba hulowesha ukuta taratibu kwa nyuma ya rafu bila mtu kuona, mpaka siku unavuta kitabu na jalada linabaki limeganda ukutani.

Nina muda gani kabla vitabu havijaharibika kabisa?

Vitabu vya mambo ya uhifadhi husema kuvu huanza kuota kati ya saa 48 na 72. Kwa pwani yetu, ndani ya chumba kilichofungwa kwenye joto la masika, mimi huhesabu siku mbili tu, na nimewahi kuona unga wa kijani asubuhi ya pili. Panga kazi yako kana kwamba una siku moja na nusu.

Si tuvianike juani vikauke haraka?

Hili ndilo swali linalonipa kazi kuliko yote, kwa sababu jibu linapingana na malezi yetu. Sisi ni watu wa kuanika. Tunaanika mpunga, dagaa, magodoro na khanga, na kila kimoja kinatoka juani kikiwa salama. Kitabu hakitoki hivyo.

Jua hukausha kingo za kurasa kwanza huku katikati, karibu na mgongo, bado kumelowa. Karatasi iliyokauka hujikunja, iliyolowa hubaki imetuna, na kitabu kinapinda kama bati lililong’olewa na upepo. Gundi ya mgongo hukauka ikapasuka, kurasa zikaanza kutoka moja moja. Wino na rangi ya jalada hupauka. Na ule unyevu uliobaki ndani hauendi popote: unakirudisha kitabu rafuni ukidhani kimekauka, na wiki ya pili koga limetapakaa. Dryer ya saluni, pasi na oveni vina madhara hayohayo, ila kwa kasi zaidi.

Wala si sisi peke yetu tuliojifunza kwa maumivu. Mto Arno ulipofurika mjini Florence, Italia, tarehe 4 Novemba 1966, zaidi ya vitabu na nyaraka milioni moja za Maktaba Kuu ya Taifa vililowa maji ya matope na mafuta ya kupashia nyumba. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi kuvitoa kwenye tope. Vingi vilipelekwa kwenye mabanda ya moto ya kukaushia tumbaku, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuvikausha kwa wingi ule. Kazi ya kurekebisha vitabu hivyo iliendelea kwa miongo mingi, na sehemu kubwa ya elimu ya leo ya kuokoa vitabu vilivyolowa ilianzia pale.

Kwa hiyo anika, lakini kivulini, na penye upepo. Kwa bahati nzuri wazee wetu walituachia baraza.

Basi tuvikaushe vipi, hatua kwa hatua?

Kwanza namna ya kukibeba. Kitabu kilicholowa huongeza uzito mno, pengine zaidi ya nusu ya uzito wake wa awali, na karatasi inakuwa laini kama andazi lililochovywa kwenye chai. Kibebe kwa mikono miwili, kikiwa kama ulivyokikuta: kilichofungwa kibaki kimefungwa, kilichofunguka usikifunge. Usikikamue. Usifute tope kwenye ukurasa uliolowa, maana unalisugua liingie ndani. Tope lililokauka hutoka kwa brashi laini baadaye.

Kwenye rafu, vitabu vilivyovimba hubanana mpaka rafu ikainama. Usichomoe kimoja kwa nguvu kwa kukivuta juu ya mgongo, utabaki na mgongo mkononi. Legeza kwanza upande wa mwisho, vingine vitapata nafasi.

Kwa kubebea, hakuna chombo kizuri kama kreti za plastiki za mkate. Zina matundu, hazilowi, zinapangana. Mwenye duka wa jirani atakuazima ukimweleza. Maboksi ya karatasi hulowa na kuachia chini katikati ya ngazi.

Kisha vigawe mafungu matatu. Vilivyopata unyevu tu, ukivigusa ni baridi lakini havitoi maji, visimamishe mezani vikiwa vimefunguka kidogo kama feni, na upepo upite. Hivi vitapona karibu vyote. Vilivyolowa nusu huwekewa karatasi za kunyonya kati ya kurasa, karatasi moja kila baada ya kurasa kumi au ishirini. Usizidishe, kwa sababu karatasi nyingi hupanua kitabu na kuvunja mgongo; ukiona unene umeongezeka kwa zaidi ya robo, umezidisha. Zibadilishe kila zinapolowa, siku ya kwanza pengine kila saa mbili au tatu. Tishu za jikoni zinafaa. Karatasi za magazeti ambazo hazijachapwa zinafaa pia, na wachapaji huwa na mabaki ya roli wanayoyatoa kwa bei ndogo au bure. Gazeti lililochapwa litakuhamishia habari za siasa kwenye kitabu cha hisabati.

Fungu la tatu ni vile vinavyochuruzika maji. Hivyo visifunguliwe kabisa siku ya kwanza. Vilaze au visimamishe juu ya matambara maji yatoke yenyewe, au, kama ni vingi, vipeleke kwenye friza, nitakueleza hapo chini.

Vijitabu vyembamba na majarida mepesi unaweza kuvitundika kwenye kamba ya nailoni. Kitabu kinene kamba itakipasua katikati.

Feni ziwashwe, lakini zielekee ukutani au darini ili hewa izunguke, zisipulize kitabu moja kwa moja. Kama una kiyoyozi kinachofanya kazi, kiwashe na ufunge madirisha, kwa sababu kiyoyozi hunyonya unyevu. Kama huna, fungua madirisha mchana jua likiwa kali na uyafunge magharibi inapoingia. Hewa ya usiku ya pwani ina maji mengi kuliko ya mchana, na aliyelala na dirisha wazi wakati wa masika anajua shuka zinavyokuwa alfajiri. Vilivyo barazani virudishwe ndani saa hiyohiyo.

Vikibakiza unyevu mdogo sana, vilaze chini ya ubao na matofali yaliyofungwa karatasi safi ili vinyooke. Ukivikandamiza mapema mno umevifungia maji ndani.

Vitabu ni mia sita na sisi tuko watatu. Hatuwezi.

Hamuwezi, na hamtakiwi kuweza. Tafuteni friza.

Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi huzuia kuvu isiote, wino usisambae na kurasa zisigandane. Inakununulia muda: badala ya siku mbili unapata miezi. Haikaushi kitabu, na haiui kuvu, inailaza tu. Ukikitoa na kukiacha mezani, kazi inaanza palepale ilipokomea. Kwa hiyo vitoe kumi, ishirini, kadiri mnavyoweza kuvikausha kwa siku tatu au nne, kisha vitoe vingine.

Pwani hatukosi friza. Wauza samaki, wauza kuku, viwanda vya barafu, hoteli. Watu husita kuomba, lakini mfanyabiashara mwenye mtoto anayesoma maktaba kwako hakatai haraka. Sharti ni moja: kila kitabu kifungwe. Karatasi ya kuokea keki inafaa sana na haigandi kwenye jalada. Mifuko ya rambo tuliyoizoea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, basi usipoteze muda kuitafuta. Wakati mmoja vitabu nisivyovifunga vizuri vilirudi vikinuka pweza, na mpaka leo kuna msomaji anayenitania kwa hilo.

Viweke mgongo ukiwa chini, visibanane, na uandike nje ya kila fungu vilitoka rafu gani.

Nchi zenye uwezo hukausha kwa mitambo inayofyonza barafu ikawa mvuke bila kupitia hali ya maji. Maktaba ya Anna Amalia mjini Weimar, Ujerumani, ilipoungua Septemba 2, 2004, vitabu vipatavyo 62,000 vilivyojeruhiwa na moto na maji ya wazima moto vilipelekwa Leipzig kugandishwa, kisha vikakaushwa kwa mtindo huo. Sisi tutagandisha kwa friza ya samaki na kukausha barazani, na kwa vitabu vya kawaida inatosha.

Vitabu vya picha vyenye karatasi inayong’aa vinahitaji nini?

Haraka. Ule mng’ao ni udongo laini uliopakwa juu ya karatasi, na ukilowa unakuwa gundi. Ukikauka kitabu kikiwa kimefungwa, kinakuwa tofali na hakifunguki tena maishani. Una saa chache, si siku. Ama utenganishe kila ukurasa kwa karatasi ya kuokea vikiwa bado vimelowa, ama uvigandishe mara moja. Ensaiklopidia na vitabu vingi vya watoto viko kundi hili.

Hatuwezi kuokoa vyote. Nini kwanza?

Hapa ndipo napogombana na wenzangu, kwa hiyo nitasema wazi.

Maktaba ya umma si jumba la makumbusho. Riwaya iliyoko kwenye kila duka la vitabu, kiada cha darasa la sita, kamusi yenye toleo jipya: hivi vinanunulika. Ukitumia siku yako ya kwanza kukausha nakala arobaini za kiada kimoja, umepoteza siku. Najua inauma, maana bajeti ya vitabu ni ndogo na kila nakala ilipatikana kwa jasho. Hata hivyo nakala mpya ya kitabu hicho ipo mahali fulani duniani.

Lakini katika kabati lile la pembeni, lenye kufuli iliyopotea ufunguo, kuna magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, kumbukumbu za vikao vya chama cha ushirika, kijitabu cha historia ya kata kilichochapwa nakala mia na mwalimu mstaafu, tenzi zilizoandikwa kwa mkono, picha za soko kabla halijabomolewa. Vile havipo pengine. Hivyo ndivyo vya kwanza. Vinavyofuata ni daftari la akseshoni, yaani lile linaloandikwa kila kitabu na namba yake kinapoingia maktaba, na kumbukumbu za azima, kwa sababu bila hizo hutajua ulikuwa na nini wala nani anadaiwa.

Orodha hiyo ifanywe leo, jua likiwaka. Chora ramani ya chumba kwenye karatasi moja, weka alama nyekundu kwenye rafu tano tu, uibandike nyuma ya mlango na nakala umpe mlinzi. Ukiweka alama rafu ishirini hujachagua kitu.

Maji ni ya mafuriko, yamechanganyika na ya choo. Vitabu bado vinaokoleka?

Vya kawaida, hapana. Maji ya mafuriko ya mjini yamepita kwenye mashimo ya vyoo, madampo na gereji. Yana vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na mkojo wa panya huleta ugonjwa wa leptospirosisi unaopenya kwenye mikwaruzo ya ngozi. Vaa gambuti, glavu nzito na barakoa, nawa kwa sabuni kabla ya kula chochote, na mwenye kidonda asiingie. Mtoto asisaidie, hata akiomba.

Kitu kisicho na mfano wake duniani kinaweza kusuuzwa taratibu kwenye beseni la maji safi kikiwa kimefungwa, kisha kikagandishwa. Kama kina wino wa mkono, usikisuuze.

Maji ya bahari ni suala jingine: chumvi ikibaki kwenye karatasi huendelea kuvuta unyevu, na pini zote za chuma hupata kutu. Suuza kitabu kwa maji safi yasiyo na chumvi kabla hakijakauka.

Misahafu, Biblia na maandiko ya zamani tuyashughulikieje?

Misahafu isiwekwe sakafuni hata katika haraka hiyo. Tenga meza safi mapema na umkabidhi mtu mmoja anayejua adabu zake. Ambayo imeharibika kabisa haiendi kwenye pipa la taka. Mwite imamu wa msikiti wa karibu, atakuelekeza kama izikwe au ishughulikiwe kwa njia nyingine. Kwa Biblia na vitabu vya ibada waulize wenyewe vilevile. Nimeona maktaba ikipoteza imani ya mtaa mzima kwa sababu ya rundo moja lililoonekana jalalani.

Hati za mkono za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zinahitaji tahadhari ya pekee. Wino mwingi wa zamani wa masizi na gundi ya mti huyeyuka kwa maji. Usisuuze, usigandamize kwa tishu, usijaribu kutenganisha kurasa. Laza juu ya ubao mgumu, beba kwa ubao huo, na piga simu kwa wataalamu: Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa Tanzania Bara, au Nyaraka za Taifa kwa Kenya.

Na picha, CD, kompyuta?

Picha zilizogandana zisibanduliwe. Ziweke kwenye maji safi ya baridi, zitaachana zenyewe, kisha zianike uso juu. Zisikae majini zaidi ya siku mbili. Mikrofilamu pia ibaki majini mpaka imfikie mtaalamu. CD ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Kompyuta iliyolowa isiwashwe “kujaribu tu”. Jaribio hilo ndilo linaloiua.

Tayari kuna kuvu. Tufanye nini?

Tenga vitabu hivyo na vingine siku hiyohiyo, chumba kingine au nje kabisa kivulini. Kama kuvu bado ni laini na inapakaa kidoleni, iko hai: usiipiganie kwa brashi, kwa sababu utaisambaza. Gandisha au kausha kwanza. Ikishakuwa unga mkavu, toka nje, vaa barakoa nzuri, simama upepo ukitoka mgongoni kwako, upanguse kwa brashi laini. Mwenye pumu asifanye kazi hii.

Rafu za chuma zifutwe kwa sabuni na maji, kisha spiriti, zikauke kabisa kabla ya kurudisha kitu. Za mbao hunyonya maji na huchukua wiki kadhaa. Na zikiwa na unyevu mchwa hawako mbali, basi angalia nyuma yake.

Nipake jiki kwenye kurasa?

La. Klorini itakula karatasi baada ya kumaliza kuvu. Iwe ya sakafu tu.

Wakubwa wanasema tusiguse chochote mpaka kamati ya tathmini ije.

Nawaelewa. Kitabu cha maktaba ya umma ni mali ya umma, kina namba, na hakifutwi kwenye daftari kwa neno la mdomo. Kenya kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, na nchi nyingine zina taratibu zao. Lakini taratibu hizo zinahusu kutupa na kufuta. Kukausha si kutupa. Kuhamisha kitabu kutoka kwenye maji kwenda mezani hakuhitaji saini ya mtu.

Katika maktaba moja nisiyoitaja, kamati ilikuja siku ya tisa. Chumba kilikuwa kimefungwa kwa ufunguo siku zote hizo “ili ushahidi usiharibike”. Walipofungua, mjumbe mmoja alirudi nje kukohoa, na tathmini ikaandikwa kwa mstari mmoja: vyote.

Hivyo piga picha, andika orodha ya namba za akseshoni kadiri unavyobeba, tuma ujumbe kwa mkuu wako wenye saa na tarehe ukisema “ninaanza kuokoa”, uanze. Vilivyokufa vitenge kwenye rundo lao, vikiwa na orodha, visubiri kamati. Siku zote omba kibali cha jambo hili mapema, kiangazi, liwe limeandikwa. Mkuu asiye na maji miguuni husaini kwa urahisi zaidi.

Mimi ni msomaji. Kitabu cha maktaba kimelowa mvua kwenye begi langu. Nitatozwa?

Inategemea kanuni za maktaba yako, lakini kilete leo, kikiwa kimelowa hivyohivyo. Kitabu kilicholetwa siku ya kwanza mara nyingi tunakiokoa na mambo yanaisha kwa maneno mawili. Kilichopigwa pasi, kikafichwa mwezi mzima, kisha kikasukumwa kwenye dirisha la marejesho wakati wa chakula cha mchana, tunakijua kwa harufu.

Majirani wanataka kusaidia. Tuwape kazi gani?

Wapokeeni. Moto wa mlimani ulipofika Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 18 Aprili 2021 na kuunguza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, makusanyo yaliyokuwa chini ya ardhi yalinusurika moto lakini yakapatwa na maji. Watu wa kujitolea walijipanga mstari wakapokezana makreti mkono kwa mkono kuyatoa. Ni kazi ambayo wafanyakazi peke yao wasingeimaliza kwa wakati.

Kosa la kawaida ni kuwaacha watu arobaini waingie kwa pamoja wakiwa na nia njema. Weka mtu mmoja mlangoni mwenye daftari. Wenye nguvu wabebe, wenye subira wabadilishe tishu, mwenye mwandiko mzuri aandike orodha. Akina mama wa mtaa wanaopika chai na mihogo wanafanya kazi kubwa kuliko wanavyosifiwa. Ila chakula kikae nje. Na kila baada ya saa moja na nusu watu wapumzike, maana mtu aliyechoka ndiye anayebomoa migongo ya vitabu.

Tukae na nini tayari kabla ya mvua?

Ndoo au pipa moja lenye mfuniko, likae karibu na mlango, lisiazimwe kwa ajili ya harusi. Ndani yake: turubai mbili, kamba ya nailoni, glavu, barakoa, matambara, sponji, roli za tishu, karatasi ya kuokea, kalamu za risasi (wino wa peni hulowa), tochi yenye betri zilizotolewa ili zisivuje, na karatasi yenye namba za fundi umeme, fundi bomba, mkuu wako na mwenye friza.

Rafu ya chini kabisa iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu. Kama haiwezekani, iache tupu. Hakuna msomaji anayependa kuinama hadi huko. Vitabu visigusane na ukuta wa nje. Maboksi ya “tutayapanga baadaye” yasikae sakafuni, kwani ndiyo hulowa kwanza na humo ndimo hukutwa ile historia ya kata. Panda juu ya paa, au mpandishe fundi, mwezi Februari na tena Septemba kuondoa majani kwenye gata na kuangalia misumari.

Kitabu kimekauka lakini kimevimba na kina mawimbi. Kirudi rafuni?

Kama hakina harufu, hakina madoa yanayotanuka, na ukikiweka shavuni hukihisi ubaridi, kirudi. Kikae wiki mbili kwenye meza ya uangalizi kwanza, ukikifungua kila siku kadhaa katikati kabisa, karibu na mgongo, ndipo unyevu hujificha. Andika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma: “kililowa”, na tarehe. Mwaka ujao kikianza kunuka utajua kuwa ni ugonjwa ule wa zamani umerudi, usihangaike kutafuta tundu jipya kwenye paa.